Mustakabali Rasmi wa Orlandis Pettway

Ilitangazwa rasmi, mwishoni mwa Agosti, kwenye ubao wa matangazo wa Idara ya Barabara ya Kaunti ya Pickerel, Wisconsin, kwamba Orlandis Pettway hana mustakabali.

Tangazo lilikuwa na muhuri. Ni muhuri uleule unaotumika kufunga madaraja mabovu, na Kamishna Lyle Dombrowski aliugonga kwa mkono wake mwenyewe, juu na chini ya karatasi, asije mtu akasema hakuuona. "Kamati ya Mustakabali," lilisema tangazo, "baada ya mashauriano ya kina, imejiridhisha kwamba mchezaji tajwa, akiwa mgeni katika ligi kuu na mkimbiaji wa akiba nyuma ya Deke Rawlings wa timu ya Omaha, hatakuwa na mchango wowote wa kipointi msimu huu, ukiacha kubeba maji. Wadau wanashauriwa wasimchague. Uamuzi wa Kamati ni wa mwisho."

Kamati yenyewe ilikuwa na watu wawili. Lyle alikuwa mwenyekiti. Merle Tveit, naibu wake kazini, alikuwa mjumbe na katibu, na ndiye pia aliyekuwa akiunga mkono hoja.

Usije ukadhani idara haikuwa na kazi nyingine. Kazi ilikuwepo. Barabara ya ziwani ilikuwa na mashimo ya kufugia samaki, na watu walikuwa wakipiga simu kulalamika tangu majira ya kuchipua. Lakini mashimo hata mwakani yangekuwepo, na msimu wa mpira wa Kimarekani haumsubiri mtu. Idara ilikuwa na ligi yake ya kubuni. Kila mmoja anachagua wachezaji wa kweli kutoka timu za kweli, anawafanya wake kwa maneno tu, kisha Jumapili wao wanapokimbia na mpira mikononi, wakigongwa na kuangushwa, yeye aliyekaa kwenye kochi na soseji ndiye anayepata pointi. Mchezaji hapati kitu na wala hajui. Lyle aliiona kuwa ndiyo namna bora kabisa ya utawala.

Kulikuwa na tatizo dogo, ambalo Kamati haikuliona kabla ya kugonga muhuri. Mama yake Orlandis alikuwa akifanya kazi mkabala na ubao.

Bi. Vonetta Pettway ndiye aliyekuwa sauti ya idara. Yeye ndiye aliyekaa na redio akiwaambia madereva wa magari ya kusukuma theluji waende wapi, nani ageuke, nani arudi kumwaga tena chumvi ya kuyeyusha barafu. Alikuwa na nyonga mbovu na sauti isiyopanda hata gari likiwa limeingia mtaroni. Siku ile alisimama mbele ya ubao mpaka kahawa yake ikapoa, ndipo Lyle akapita.

"Kamishna, hii ni habari ya mwanangu?"

"Ni habari ya mchezaji, Bi. Vonetta. Kamati haiangalii mtoto wa nani. Inaangalia takwimu."

"Imeandikwa hana mustakabali."

"Wa kipointi. Mustakabali wa kawaida anao, huo Kamati haijaugusa."

"Na haya maji?"

"Kubeba maji ni kazi ya heshima."

"Basi ungejiandikia wewe."

Merle, aliyekuwa nyuma na sanduku la chaki, alicheka, kisha akakumbuka cheo chake akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Lyle hakuwa mtu mbaya, jamani, tuseme kweli. Alimpenda Bi. Vonetta kama alivyopenda vifaa vyote vya idara vinavyofanya kazi bila kelele. Aliona macho yake yamejaa machozi na akajisikia vibaya kwa muda wote aliotumia kutembea hadi ofisini kwake. Hapo akakaa kitini, na kiti kile kilikuwa na namna ya kumwondolea mtu mawazo kama hayo.

Uchaguzi wa wachezaji ulifanyika kama kawaida kwenye banda la magari ya theluji, kila mtu akiwa na kiti chake cha kukunja, mbele ya lundo la chumvi ya barabara. Soseji zilichemshwa kwenye bia, jibini mbichi lilipita kwenye ndoo. Lyle alichagua wa kwanza. Kulikuwa na kura ya kupanga zamu, ila kura hiyo iliwahusu wengine, yeye alikuwa amekwishajiondoa humo kwa sababu za kiutawala. Alimchukua Deke Rawlings, ambaye tangazo lake lilisema: "Imara. Atadumu kuliko mahakama ya kaunti."

"Mimi nataka kuingia mwaka huu," alisema Bi. Vonetta.

Watu waligeuka. Hakuwa amewahi kuingia.

"Unakaribishwa sana," alisema Lyle, na alimaanisha. Ligi inahitaji mtu wa kushika mkia, na mkia wa Kaunti ya Pickerel haukuwa mchezo. Aliyemaliza wa mwisho alivaa ng'ombe. Ilikuwa nguo ya manyoya, nyeupe na mabaka meusi, kichwa chenye pembe na kiwele cha mpira kinachoning'inia mbele. Alisimama nayo kwenye njia panda ya kiwanda cha maziwa, Jumamosi ya mashindano ya kuvua samaki kwenye barafu, Januari, wakati kaunti nzima inapita pale kwenda ziwani, akipungia kila gari mpaka adhuhuri. Walishawahi kuivaa mafundi, akaivaa mhasibu, akaivaa hata mchungaji wa Kilutheri aliyealikwa mwaka mmoja kujaza nafasi. Lyle hakuwahi. Yeye ndiye aliyetunga kanuni, na kanuni zilimjua baba yao.

"Unajua habari ya ng'ombe lakini, mama?" aliuliza Butch Kowalke, dereva wa gari namba tano, mtu mnene wa kucheka ovyo. "Na hiyo nyonga yako?"

"Naijua. Zamu yangu ikifika niambieni."

Zamu yake ilipofika alisimama. "Orlandis Pettway," alisema.

Banda likaangua kicheko mpaka njiwa wakaruka darini. Kumchagua mkimbiaji wa akiba kwenye mzunguko wa kwanza! Ni sawa na mtu kwenda sokoni na mshahara wote akarudi na mfuniko wa sufuria. Butch alilia machozi. Lyle aliinua mkono akawatuliza, maana kiongozi lazima aoneshe huruma.

"Bi. Vonetta, huyu hata mwishoni ungempata. Hakuna mtu angemchukua."

"Ndiyo maana nimemchukua mwanzoni," alisema, akakaa, akala jibini lake.

Lyle alihisi kitu kikimchoma kidogo kifuani. Alidhani ni soseji.

Msimu ulianza, na ulikwenda kama Kamati ilivyoagiza. Rawlings alikimbia. Orlandis alikaa benchi na koti lake, na kamera ilipompitia ilimkuta, Mungu si Athumani, akimpa mwenzake chupa ya maji. Lyle alisimamisha picha hiyo kwenye runinga yake na kumwita mkewe aje aone. Jumatatu iliyofuata aliiweka ubaoni chini ya tangazo, akaandika kwa kalamu nyekundu: "Imethibitishwa." Bi. Vonetta alikuwa wa mwisho. Kila Jumapili alimweka mwanawe kikosini, kila Jumapili mwanawe alimletea sifuri, na kila Jumatatu alisema "Habari za asubuhi" kwa sauti ileile.

Ndipo Butch akaleta fitina. Alikuwa na mdakaji mmoja, Cole Vanderhey, ambaye Kamati ilimtangaza kuwa Imara na Lyle mwenyewe ndiye aliyembadilishia Butch kwa mchezaji mzuri zaidi. Katikati ya Oktoba Vanderhey aliamka asubuhi akastaafu mpira, akarudi kwao kuuza boti.

"Namtoa," alisema Butch.

"Humtoi," alisema Lyle. "Ni Imara."

"Bosi, ameacha mpira! Anauza boti! Nimeona tangazo lake, anakuuzia na injini."

"Kamati haina taarifa hiyo."

"Si ndiyo mimi nakupa taarifa?"

"Wewe si chanzo."

Siku hiyohiyo ikatoka Amri ya Uthabiti. Ilisema kwamba mchezaji yeyote aliyetangazwa na Kamati kuwa Imara ni marufuku kumtoa, kumbadilisha wala kumweka benchi, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuidharau Kamati, na kwamba amri hiyo inamhusu kila mwanachama bila kujali cheo. Maneno ya mwisho Merle ndiye aliyeyashauri, yalionekana ya kidemokrasia. Lyle aliyapenda sana akayapigia mstari.

"Na wale wasio na mustakabali?" aliuliza Bi. Vonetta kutoka kwenye redio yake.

"Hao mtumie utakavyo, mama. Kamati haiwahitaji."

Theluji ya kwanza ilianguka Jumapili moja ya Novemba, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Lyle alikuwa kwake na Merle, wanaangalia Omaha, na redio ya idara iko mezani kati ya bakuli za chipsi, kwa sababu kiongozi yuko kazini wakati wote. Magari yote yalikuwa barabarani. Sauti ya Bi. Vonetta ilikuja na kwenda, tulivu, ikitaja vilima na madaraja.

Katika robo ya pili Deke Rawlings alichukua mpira, akakata kulia, akaangukiwa na watu watatu. Walipoondoka juu yake, mguu wake ulikuwa umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Uwanja mzima ulishika vichwa. Kililetwa kigari, akapandishwa, akapunga mkono akilia.

"Amepumzika," alisema Lyle.

Merle aliweka chini chipsi yake.

Kisha akaingia kijana mwenye jezi safi kabisa. Mara ya kwanza alikimbia akaangushwa palepale. Mara ya pili akapata hatua chache. Mara ya tatu ukafunguka mlango mdogo katikati ya majitu yale, akapita humo ubavu ubavu, akamruka mmoja, akamkwepa mwingine, na mbele yake hakukuwa na mtu ila nyasi. Orlandis Pettway alikimbia peke yake mpaka akavuka mstari wa mwisho, na hata hapo hakusimama, alikwenda mpaka ukutani kama mtu asiyeamini kwamba amefika.

Redio ililipuka. Madereva wote walikuwa wanasikiliza mpira ndani ya magari.

"Mama! Mama Orlandis! Umesikia?"

"Huyo! Huyo mtoto!"

"Mama, hapa nimesimamisha gari, nalia!"

Lyle alinyakua redio. "Hii ni redio ya barabara! Mambo ya barabara tu!"

Kisha sauti ya Bi. Vonetta ikaja, na Lyle, aliyeisikia sauti ile miaka yote ya kazi yake, kwa mara ya kwanza aliisikia ikitetemeka.

"Imepokelewa, Kamishna. Gari namba tano, kilima cha kanisani. Nenda polepole, Butch. Futa macho kwanza."

Jumatatu asubuhi Kamati ilikaa. Orlandis alikuwa amevuka mstari mara tatu. Madaktari wa Omaha walikuwa wamesema kifundo cha Rawlings kimevunjika, kimefungwa plasta, na mpira basi mpaka mwakani.

"Mtoe Rawlings," alisema Merle. "Tufute ile amri, umtoe, utafute mwingine."

"Nikisema Rawlings si Imara, nimesema Kamati ilikosea."

"Ndiyo."

"Kamati hii inatumia muhuri wa idara, Merle. Ikikosea kwa mkimbiaji, kesho watauliza kuhusu madaraja."

Merle alitazama muhuri pale mezani akaona hoja hiyo ina uzito. Ilibaki njia moja. Anayerithi mipira yote ya Rawlings ni Orlandis, kwa hiyo Lyle akimpata Orlandis, sifuri ya Rawlings haitamuumiza. Alichukua donati mbili akatoka kwenda kwenye redio.

"Bi. Vonetta, nimekuletea donati."

"Ya jeli? Asante. Unamtaka mwanangu."

"Ningependa kufungua mazungumzo ya kubadilishana rasilimali. Nitakupa wadakaji wawili na mlinda—"

"Nitakupa Orlandis."

Lyle alikaa. Hakutegemea.

"Chukua. Sitaki wadakaji wako. Ubandue lile tangazo, na pale pale uandike, 'Kamati ilikosea kuhusu Orlandis Pettway.' Basi. Mstari mmoja."

"Tunaweza kusema hali imebadilika."

"Hali haikubadilika. Alikuwa hivyohivyo."

"Tunaweza kusema Kamati imeboresha msimamo wake."

Bi. Vonetta aliweka donati chini. "Lyle," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo kazini. "Kila siku naingia humu nalisoma lile. Nimemlea yule mtoto peke yangu. Alikuwa anakimbia kwenye maegesho ya kanisa kwa sababu uwanja wa shule ulikuwa umefungwa na idara yako. Watu wamemwambia hawezi tangu ana meno ya maziwa, nikawa nasema waache, hawamjui. Wewe unamjua. Ulikuja kwenye sherehe yake ya kumaliza shule, ukala keki. Nataka mstari mmoja tu."

Lyle alitazama ubao. Alitazama na muhuri, mara mbili, juu na chini. Kwa kitambo kidogo, nami nasema hivi kwa kumtendea haki, mkono wake ulitaka kwenda. Lakini alifikiria Butch akicheka, akafikiria simu za watu wa barabara ya ziwani.

"Nitalifikisha kwenye Kamati," alisema.

Mchana likatoka tangazo jipya: "Kamati imekichunguza kifundo cha mguu cha Deke Rawlings kwa njia ya runinga na kukikuta kizima. Anaendelea kuwa Imara."

Kuanzia hapo idara iliingia katika kipindi cha utulivu mkubwa. Kila Jumapili, kwa mujibu wa Amri ya Uthabiti, Rawlings alikuwa kwenye kikosi cha Lyle, na kila Jumapili alileta sifuri, na kila Jumatatu Kamati ilitoa ufafanuzi. Wiki ya kwanza ilisema mchezaji ameamua kutokimbia kwa sababu za kimkakati. Alipooneshwa kwenye runinga akitembea na magongo, ilisema yale ni vifaa vya mazoezi. Alipohojiwa na kusema kwa kinywa chake, "Mguu wangu umevunjika," Kamati ilieleza kwamba wachezaji kwa kawaida si wasemaji wa miguu yao. Butch, ambaye naye alikuwa amefungwa na muuza boti wake, aliacha kulalamika. Alikuwa anakuja mapema Jumatatu, kabla ya zamu, asome.

Orlandis alikimbia. Alikimbia kwenye mvua, akakimbia kwenye tope. Bi. Vonetta alitoka mkiani akaanza kupanda, na alipompita Butch, Butch alimpigia honi ya gari la theluji kutoka kilomita nzima. Lyle alishuka. Alishuka kama kikao kinavyorefuka, yaani hakuna aliyeona ni dakika gani hasa mambo yaliharibika. Wiki ya mwisho, kabla ya Krismasi, alihitaji pointi tano tu kutoka kwa Rawlings ili amshinde Butch. Rawlings siku hiyo alikuwa Florida, ufukweni, na picha alituma.

Ligi ilikutana bandani. Bi. Vonetta alikuwa wa pili, mhasibu alichukua kombe, hakuna aliyejali. Lyle alisimama.

"Kamati imepitia msimamo," alisoma, "na kubaini kwamba nafasi ya mwisho, kitaalamu, haipo. Kuna nafasi ya kwanza, na kuna nafasi zinazoitazama kwa umbali tofauti. Naomba hoja iungwe mkono."

Wote walimgeukia Merle. Merle alikuwa anatazama viatu vyake. Alivitazama muda mrefu sana kwa mtu mwenye viatu vya kawaida.

"Merle," alisema Lyle.

"Nina mafua," alisema Merle.

Butch alikwishalileta sanduku la ng'ombe. Ndipo Bi. Vonetta akasimama, ameshika nyonga yake.

"Mimi sitaki avae," alisema. "Mniridhie tu jambo moja. Ule mstari wangu, aandike leo, na ng'ombe arudi sandukuni."

Watu walinung'unika, Butch zaidi, lakini hakuna aliyetaka kumkatalia. Kalamu ikaletwa. Lyle aliishika. Banda zima lilimwona akiishika. Maneno manne au matano tu, mtu anaandika mengi zaidi kwenye kadi ya Krismasi.

"Nguo hiyo," alisema hatimaye, "ni saizi gani?"

Jumamosi ya mashindano ilikuwa baridi ya kukata masikio. Lyle alisimama kwenye njia panda ya kiwanda cha maziwa, na nyuma yake Butch aliegesha gari namba tano likiwaka taa za njano, kwa usalama, alisema, ingawa kiti alichokaa kilikuwa na mto na alikuwa amekuja na bisi. Magari yalikuja kwa foleni. Kila moja lilipunguza mwendo. Mwanzoni watu walicheka tu. Baadaye habari ikaenea kwamba aliye ndani ya ng'ombe ni Kamishna wa Barabara, na watu wakaanza kushusha vioo. Walikuwa wamempigia simu mwaka mzima, na sasa yuko hapa, hana katibu, na hawezi kuondoka mpaka adhuhuri.

"Ng'ombe!" aliita bibi mmoja wa barabara ya ziwani. "Lile shimo mbele ya kwangu limemeza gurudumu la mjukuu wangu!"

Ng'ombe alipunga mkono.

"Hunipungii! Nasema shimo!"

Karibu na saa tano likasimama gari kuukuu la bluu, gari la Bi. Vonetta. Akashuka kijana mrefu mwenye mabega mapana, chupa ya kahawa mkononi. Omaha walikuwa wameshamaliza msimu wao, na Orlandis alikuwa amerudi nyumbani.

"Bwana Dombrowski? Uko humo?"

"Nimo," kilisema kichwa cha ng'ombe.

"Mama kaniambia nikuletee kahawa. Kasema usinywe haraka, ya moto." Alimimina kikombe, akatafuta pa kukipitisha, akakipitisha shingoni. Kisha akasimama tu pale, mikono mfukoni, anasugua theluji kwa kiatu. "Na nilitaka kukuuliza kitu, kama si usumbufu. Mama siku zote husema wewe ndiye unayeujua huu mchezo. Rawlings atapona. Mwakani anarudi, na kocha haniambii lolote. Kila nikimuuliza ananiambia tutaona. Silali, mzee wangu. Wewe unaonaje? Nina mustakabali?"

Lyle alikuwa ametoa mustakabali wa watu wengi sana maishani mwake. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuja kumuuliza. Ndani ya kichwa cha ng'ombe mlikuwa na giza na harufu ya jasho la mhasibu, na kwenye kitundu cha kuonea aliona uso wa kijana ule, mzima, wenye hofu, uso uleule uliomkatia keki. Kitu kikamchoma kifuani, na safari hii hakuwa amekula soseji.

Alivua kichwa. Foleni yote ikamwona.

"Sijui," alisema. "Sijui kabisa. Na mwaka jana nilikosea, Orlandis. Nilikukosea wewe na nikamkosea mama yako."

"Kuhusu nini?"

Lyle alimtazama. "Kuhusu tangazo."

"Tangazo gani?"

"Mama yako hakukwambia?"

"Aliniambia mnanifuatilia wote ofisini. Kwamba mmenibandika ubaoni." Akatabasamu. "Nilifurahi sana."

Magari yalianza kupiga honi. Mwezi baada ya mwezi Lyle alilinda karatasi ile, akashika mkia na kuvaa ng'ombe kwa ajili yake, na mtu pekee aliyeandikwa humo alikuwa anadhani ni pongezi. Hapakuwa na pa kukimbilia, kiwele kilimzuia. Ikabidi amweleze kijana tangazo lote, kuanzia mashauriano ya kina mpaka maji, kwa sauti kubwa ili isikike juu ya honi, na kila alipofika kwenye neno gumu alilazimika kulirudia.

Ndipo redio ya gari namba tano ikakoroma. Butch alikuwa amebonyeza kitufe cha kuzungumzia tangu kichwa kilipovuliwa, akakishikilia, na sasa tu ndipo alipokiachia, bisi zimemwagika mapajani. Idara yote ilikuwa imesikia, na madereva wote, na zamu ya Jumamosi ya Bi. Vonetta.

"Nimekupata, Lyle," ilisema sauti yake. "Lile tangazo nimeshalibandua. Orlandis?"

"Naam, mama."

"Mvalishe kichwa, atashikwa na baridi. Bado saa nzima."

Orlandis alikiokota kile kichwa kwenye theluji, akakikung'uta, akamvalisha Kamishna taratibu na kumwekea pembe sawa. Kisha akarudi kwenye gari la mama yake, na foleni ikaanza kutembea, bibi wa barabara ya ziwani akiwa amegeuza tayari na kurudi wa kwanza.